Barabara ya lami ikifika mtaani kwetu, tufanye nini ili faida ibaki kwa waliopo?

Mjumbe wa Kamati aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa katika kata moja ya Manispaa ya Ubungo, Dar es Salaam, upande wa ndani wa Barabara ya Morogoro, mahali ambapo nyumba zimebanana kiasi kwamba msiba ukitokea uani jeneza hupitishwa juu ya ukuta wa jirani. Tumearifiwa kwamba mtaa wetu utajengewa barabara ya lami isiyofika kilomita 2, mtaro mkubwa wa maji ya mvua na taa. Wananchi wamefurahi. Nami nimefurahi, kwa maana kila masika tunahamisha magodoro, na watoto wa madarasa ya chini hukaa nyumbani siku kadhaa kwa sababu njia ya kwenda shule imegeuka mto.

Hata hivyo nimekwisha kuliona jambo kama hili likifanyika kwa jirani zetu, na niliyoyaona yameniachia wasiwasi. Mkandarasi alikuja na vibarua wake, wakapanga vyumba kwa miezi minane, kisha wakaondoka na mishahara yao. Mama lishe na wauza magenge waliokuwa kando ya njia waliambiwa wapishe ujenzi, na kazi ilipokwisha nafasi zao zilikuwa zimegeuzwa fremu za maduka ambazo wenyewe wanadai kilemba, yaani fedha ya kuachiwa fremu, asichoweza kukitoa muuza nyanya yeyote. Wapangaji waliokuwa wakilipa shilingi 40,000 kwa chumba waliambiwa walipe 70,000, tena kwa miezi sita ya mbele, na baadhi yao sasa wanaishi Chanika, ambako nauli ya kurudi mjini kila siku inakula kile walichodhani wamekiokoa kwenye kodi.

Katika kikao chetu cha mwisho niliuliza kama maendeleo ya namna hiyo tunaweza kuyaita ya haki. Mjumbe mwenzangu mmoja alinijibu kwamba barabara haibagui, kila mwenye miguu atapita. Sikuwa na jibu la haraka, nikanyamaza, lakini swali limebaki. Ningependa kusikia kutoka kwa waliopitia jambo hili: tudai nini, tukidai kwa nani, na wakati gani, kabla katapila halijafika? Naomba majibu ya watu waliofanya, kwa kuwa nasaha za semina tumezisikia za kutosha.

Mpimaji Mstaafu alijibu:

Ndugu Mjumbe, swali lako ni la zamani kuliko unavyofikiri, na jiji hili limekwisha kulijibu mara mbili, mara moja vibaya na mara moja vizuri zaidi, ingawa majibu yote mawili yamesahauliwa.

Mara ya kwanza ilikuwa miaka ya 1970. Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliendesha mradi ulioitwa Viwanja na Huduma. Mradi ule ulikuwa na mikono miwili. Mkono mmoja ulipima viwanja vipya kwa ajili ya watu wa kipato cha chini, na miongoni mwa maeneo hayo yalikuwamo Sinza na Kijitonyama. Mkono wa pili uliingia katika mitaa iliyokwisha kujengwa bila kupimwa, Manzese ikiwa ya mbele kabisa, ukapitisha barabara, maji na taa bila kuwaondoa watu isipokuwa wale ambao nyumba zao zilikuwa kwenye njia. Kijana wa leo ukimwambia kwamba Sinza ilikusudiwa watu wa kipato cha chini, atacheka. Kilichotokea ni kwamba mwenye kiwanja alitakiwa kujenga kwa viwango fulani na ndani ya muda fulani, mikopo ya Benki ya Nyumba ilimfikia kwa urahisi zaidi mwenye mshahara wa uhakika, na mnyonge aliyeandikiwa kiwanja aliona afadhali akiuze, apate fedha za kumaliza shida zake, arudi kupanga. Hakuna aliyemfukuza. Alihamishwa na masharti. Manzese, ambako mradi uliwakuta watu tayari wamejenga kwa uwezo wao, wengi walibaki, na hadi leo ni mtaa wa watu wa kawaida. Tatizo la Manzese lilikuwa jingine: mitaro iliyojengwa haikuwa na mwenyewe, hivyo ikajaa taka na mchanga, na baada ya miaka michache maji yakarudi yalikozoea.

Mara ya pili ilikuwa Hanna Nassif, kule Kinondoni, kwenye ukingo wa bonde la Msimbazi, kuanzia mwaka 1994. Nilifika pale nikiwa fundi sanifu kijana, nikiwa na kiburi changu cha chuo, na nilichokikuta kilinifundisha kazi upya. Mitaro na barabara za mtaa ule zilijengwa kwa nguvu kazi ya wakazi wenyewe, wanawake wakiwemo, kwa ujira, chini ya utaratibu ambao kamati ya jamii iliingia mikataba ya kazi na wataalamu wakabaki kuwa washauri. Shirika la Kazi Duniani na shirika la Umoja wa Mataifa la makazi ndiyo yaliyotoa ushauri wa kitaalamu. Wakazi walichangia sehemu ya gharama, na walikuwa na utaratibu wao wa kukusanya fedha za matunzo.

Faida yake haikuishia kwenye ujira. Mtu aliyechimba mtaro kwa beleshi lake hakubali kumwona jirani akitupa maganda ya ndizi ndani yake. Atamgombeza mbele ya watu. Tena, fedha iliyolipwa Jumamosi ilikuwa dukani Jumapili, na dukani ni kwa jirani. Mkandarasi wa nje anapolipa vibarua wa nje, fedha hiyo hupita mtaani kwenu kama treni ya usiku: mnasikia mlio tu.

Sitakudanganya kwamba Hanna Nassif ilikuwa pepo. Mafuriko yalipungua, nyumba zikaongezwa vyumba, biashara zikafunguliwa barazani, na kodi zikapanda. Kwa mwenye nyumba ilikuwa neema. Kwa mpangaji ilitegemea kama alikuwa miongoni mwa waliopata kazi. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: swali la kwanza msiulize barabara itapita wapi, ulizeni ni nani atalipwa kuijenga na ni nani atalipwa kuitunza. Swali hilo liulizwe wakati michoro na makadirio ya gharama bado vinaandaliwa, kwa sababu mkataba ukishasainiwa, mkandarasi halazimiki kumwajiri hata mtu mmoja kutoka kwenu, na mwenyekiti wenu atabaki kuomba kazi za hisani.

Miradi ya karibuni, mathalani ule wa kuendeleza jiji uliopitishwa mwaka 2015 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300 kwa ajili ya Ilala, Kinondoni na Temeke za wakati ule, imejenga kwa ubora mkubwa kuliko sisi tulivyojenga. Lami ni lami na zege ni zege. Lakini kadiri mradi unavyokuwa mkubwa ndivyo mkataba unavyokuwa mkubwa, na ndivyo beleshi la jirani linavyokosa nafasi ndani yake. Hilo ndilo mnalopaswa kulidai mapema.

Mwenye Nyumba wa Tandika alijibu:

Nimesoma kwa makini, na kwa heshima zote kwa mzee aliyetangulia, naona mwenye nyumba anasemwa hapa kama vile ni adui wa mtaa. Naomba niseme neno kwa upande wetu.

Nyumba yangu ina vyumba 6 na nimeijenga kwa miaka 19. Nilianza na vyumba viwili vya udongo, nikaweka matofali chumba kimoja kimoja, kila nikipata kiinua mgongo cha ndugu au zao la kibati, mchezo wetu wa kuchangiana fedha. Sikukopeshwa na benki yoyote. Leseni ya makazi niliichukua katika zoezi la miaka ya 2000 lililofanyika kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, tukaambiwa kwamba kwa karatasi ile tutakopesheka. Nilipoipeleka benki, ofisa aliigeuza huku na huku akaniuliza kama nina hati. Leseni ile ilikuwa ya miaka 2, baadaye wakaongeza hadi 5, na ni benki gani itakayokubali dhamana inayokwisha kabla ya mkopo? Kwa hiyo barabara inapokuja na nyumba yangu ikapanda thamani, hiyo ndiyo faida pekee niliyoipata kutoka kwa mji huu katika maisha yangu yote. Mnataka niirudishe?

Aidha, msidhani kila mwenye nyumba ni tajiri. Jirani yangu ni mjane anayeishi kwa kodi ya vyumba viwili vya uani, naye analala sebuleni. Kodi ikipanda kwa shilingi 10,000, hiyo ndiyo dawa yake ya presha. Na kisheria hakuna wa kumzuia, kwa maana ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na bei ni mapatano.

Ninalokubaliana nalo ni hili la malipo ya miezi sita kwa mkupuo. Linawaumiza wapangaji na, nikisema kweli, linatuumiza na sisi, kwa sababu fedha ya mkupuo huisha kwa mkupuo. Nimejaribu kupokea kodi ya mwezi mmoja mmoja kwa wapangaji watatu ninaowafahamu vizuri, na hakuna aliyenikimbia. Kama kamati ya mtaa inataka kufanya jambo la maana, iwaite wenye nyumba na wapangaji wakae meza moja, wapatane kwamba katika kipindi cha ujenzi na mwaka mmoja baada yake kodi haitapanda kwa aliyekuwapo, na kwamba atalipa kwa mwezi au miezi mitatu. Itakuwa hiari, lakini hiari iliyosemwa mbele ya majirani ina uzito wake. Mimi ningesaini. Ila msije na lugha ya kutulazimisha, maana mtaa utagawanyika kabla kokoto ya kwanza haijamwagwa.

Mama wa Marejesho alijibu:

Shikamoo Mzee Mpimaji. Nakubaliana nawe kuhusu ujira, lakini kibarua ni cha miezi minane. Biashara ndiyo inayomlea mtoto hadi kidato cha nne. Naomba nizungumzie jambo hilo kwa kuwa ndilo ninaloliishi.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake 11. Tunapika na kuuza chakula, wawili wanauza samaki, mmoja ni mshonaji. Tumepata mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo tangu mwaka 2018 imo katika sheria: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ninausifu mkopo huu kwa dhati, kwa sababu aliyeonja mikopo ya kausha damu anajua maana ya neno “bila riba”. Lakini mkopo bila mahali pa kuuzia ni deni tu. Sisi tulipewa fedha, tukanunua majiko, meza na turubai, na katikati ya marejesho tukaamriwa kuondoka barabarani. Ilikuwa katika lile zoezi la mwaka 2021 la kuwapanga wamachinga. Ofisi iliyotukopesha na ofisi iliyotuondoa zilikuwa katika jengo moja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Tulipelekwa kwenye eneo ambalo mteja wetu, ambaye ni fundi na dereva wa bodaboda, hafiki. Wali uliopoa. Tuliendelea kurejesha kwa kuuza vitu vya ndani, na wanachama watatu walijitoa.

Mfano mkubwa wa jambo hili kila mtu wa Dar anaujua, nao ni jengo la Machinga Complex pale Karume, lililojengwa kwa mkopo wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa nia njema kabisa na likakaa miaka mingi bila kujaa, kwa sababu anayenunua soksi ya shilingi 1,000 hapandi ghorofa kuifuata. Mfanyabiashara mdogo anauza mahali kwanza, bidhaa baadaye.

Kwa hiyo, Ndugu Mjumbe, mchoro wa barabara yenu ukija mezani, tazameni kama kuna nafasi iliyochorwa kwa ajili ya genge, mama lishe na kijiwe cha bodaboda. Nafasi hiyo iwe na vipimo na maji, iwe na mtaro wa kumwagia maji machafu, na iandikwe kwamba itapangishwa kwanza kwa waliokuwa wakifanya biashara hapo siku ujenzi ulipoanza. Kama haipo kwenye mchoro, jueni kwamba mnachorewa kuondoka.

Kuhusu mikopo yenyewe, ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuonyesha marejesho mabovu na vikundi visivyojulikana vilipo, na ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, ambapo halmashauri 10 za majaribio, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, yaani ile iliyokuwa Ilala, ikiwemo, zilielekezwa kupitishia fedha benki. Ubungo haikuwamo katika hizo 10. Niseme wazi kwamba vikundi hewa havikuanguka kutoka mbinguni. Viliandikwa na watu waliojua siku ya fomu kabla yetu. Tangazo lililobandikwa ndani ya ofisi kwa siku tatu si tangazo. Bandikeni kisimani, msikitini, kanisani na kwenye mashine ya kusaga.

Na kwa Mwenye Nyumba wa Tandika: sikuoni adui, baba yangu. Ila umetaja mjane anayelala sebuleni, nami naomba umtazame na huyo anayelala chumba cha uani. Yeye pia mara nyingi ni mjane.

Mzabuni Mdogo alijibu:

Nitaongeza upande wa manunuzi, kwa sababu hapo ndipo haki huandikwa au hukosekana.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya thamani ya manunuzi yao ya mwaka kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Si hisani. Zabuni zote sasa hupita katika mfumo wa kielektroniki wa NeST, na kikundi kisichosajiliwa humo hakipo, hata kama mwenyekiti wake anafahamiana na diwani. Usajili unapitia taasisi inayokitambua kikundi, ambayo kwa vikundi vingi vya mitaani ni halmashauri kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Mkianza leo, mtakuwa tayari barabara ikitangazwa. Mkisubiri tangazo, mtachelewa, kwani muda wa kuwasilisha zabuni hauwasubiri watu wanaotafuta namba ya mlipa kodi.

Msiote kujenga lami. Lami inataka mitambo na kampuni za madaraja ya juu ya usajili wa wakandarasi. Ziko kazi zinazoweza kutengwa ambazo hazihitaji katapila: kufyatua pevingi za njia za miguu, kujenga mitaro midogo ya mawe, kusuka nondo za mifuniko ya mitaro, kulinda ghala la mkandarasi, kupika chakula cha mafundi, na, baada ya ujenzi, kufagia na kuzibua mitaro kwa mkataba wa mwaka. Hii ya mwisho ndiyo bora kuliko zote, kwa maana haina mwisho. Ombeni izungumzwe sambamba na ujenzi, wala isiachwe kuwa jambo la baadaye, kwa kuwa mtaro usio na bajeti ya matunzo una historia aliyokwisha kuieleza Mzee Mpimaji.

Sasa niwatahadharishe juu ya mambo mawili niliyoyapata kwa gharama yangu. La kwanza ni malipo. Kikundi changu kilifanya kazi ya kuzibua mitaro kwa taasisi ambayo sitaitaja, tukamaliza vizuri, tukapongezwa, na fedha ikaja baada ya miezi mitano. Kampuni kubwa inaweza kusubiri. Kijana anayelala na njaa hawezi. Katikati ya kusubiri, wenzangu wanne walikopa mtaani kwa riba ya kila wiki, na malipo yalipofika yalikuwa yamekwisha kuliwa. Kwa hiyo mnapojadiliana ulizeni juu ya malipo ya awali na malipo ya kila kipande cha kazi kilichokamilika, na kabla hamjasaini muwe na akiba ya kikundi ya walau miezi miwili ya ujira.

La pili ni vikundi vya kivuli. Mtu mwenye fedha atakuja kwenu, awaombe majina na vitambulisho vyenu, asajili kikundi, achukue zabuni ya asilimia 30 kwa jina la wanawake wa mtaa, kisha awape kitenge kila mmoja. Nimeona kikundi cha wanawake ambacho mwenye saini benki alikuwa mwanamume asiyejua hata jina la mtaa. Mkikubali mara moja, mmejifungia mlango, kwa sababu kazi ikiharibika ni majina yenu yatakayofungiwa.

Mwenye Nyumba wa Tandika alijibu:

Mama wa Marejesho, nimekusikia. Lakini nafasi za biashara unazotaka zichorwe zitatoka kwenye ardhi ya nani? Mtaa uliobanana hauna uwanja wa ziada. Ama zitabanwa kwenye hifadhi ya barabara, na mwaka mwingine atakuja kiongozi mpya aseme mmevamia, ama atavunjiwa mtu ukuta wake. Bora wenye baraza tupange na wauza genge kwa bei ya kuelewana kuliko kutegemea mchoro.

Mama wa Marejesho alijibu:

Baraza lako leo ni la kuelewana, baba, lakini lami ikishafika atakuja wakala wa fedha za simu na atakupa mara tatu ya ninachotoa mimi, na sitakulaumu ukimchukua. Ndiyo maana nataka kilichoandikwa. Hata hivyo, hoja yako ya ardhi ni ya kweli. Kwetu tulipima kwa kamba tukagundua kwamba pale penye kona ya zamani ya bomba, ambapo hapamilikiwi na mtu, palitosha meza 14 bila kuziba njia. Kila mtaa una kona ya namna hiyo, ila ni lazima waipime wanaoijua.

Mjumbe wa Kamati alijibu:

Nawashukuru nyote, wazee wangu na dada zangu. Nimeyachapisha majibu haya na nimeyapeleka kwa mwenyekiti na kwa mtendaji wa mtaa, na jana jioni tulikaa. Naomba nieleze tulipofikia, kwa sababu bado kuna jambo limenikwama.

Tumekubaliana kwamba hatutaanza na madai, tutaanza na orodha. Mtendaji alitukumbusha habari ya Magomeni Kota, ambako kaya 644 ziliondolewa, nyumba za zamani zikavunjwa, na baada ya miaka kadhaa ya kusubiri zikarudi kwenye maghorofa mapya yaliyozinduliwa Machi 2022. Alisema kwamba wale walirudi kwa sababu idadi yao ilijulikana na majina yao yalikuwa yameandikwa. Wapangaji wetu sisi hawamo katika daftari lolote isipokuwa la muuza duka anayewakopesha unga. Hali yetu si sawa na ya Magomeni, kwani kule nyumba zilikuwa za umma na huku ni za watu binafsi, lakini hoja ya daftari naiona nzito. Mtu asiyeandikwa kwamba alikuwapo hawezi kudai kwamba ameondolewa.

Kwa hiyo katika wiki 3 zijazo wajumbe wawili wawili watapita nyumba kwa nyumba na genge kwa genge, na matokeo yatasomwa mbele ya mkutano mkuu wa mtaa, ili kila mtu asikie jina lake na kupinga jina asilolijua. Baada ya hapo kamati itaandika barua kwa mkurugenzi wa manispaa, nakala kwa diwani, ikiomba mambo ambayo mmeyataja: kazi zinazoweza kutengwa zitajwe katika nyaraka za zabuni, eneo la biashara liwe kwenye mchoro, na matunzo ya mtaro yawe na fungu lake. Mapatano ya kodi tutayafanya wenyewe, kwa hiari, kama alivyoshauri Mwenye Nyumba. Wenye nyumba 9 kati ya 13 waliohudhuria jana wamesema wako tayari kuyazungumza. Yule mjumbe aliyesema barabara haibagui ndiye aliyejitolea kuandika barua, na ana mwandiko mzuri kuliko sisi sote.

Lililonikwama ni fomu ya orodha. Tumeweka jina, nyumba, idadi ya watu, kazi, na mahali anapofanyia biashara. Je, kuna kitu tumesahau ambacho baadaye tutajuta?

Mpimaji Mstaafu alijibu:

Wekeni tarehe na saini ya mtendaji katika kila ukurasa, na mchoro wa mkono unaoonyesha kila genge liliko. Pigeni picha. Orodha isiyo na tarehe huongezeka majina usiku.

Mama wa Marejesho alijibu:

Ongezeni safu moja ya kodi: analipa kiasi gani, na alicholipa kinaishia mwezi gani. Wengi wataondolewa siku hiyo kodi inapokwisha bila kuambiwa neno, na mkiwa na mwezi mtajua ni nani wa kumtembelea kwanza. Na kwa wauza magenge, andikeni jina la anayesimama mezani. Msiandike la mwenye meza.